Maswali ya Wasomaji: Nusu ya Dawa Inapogeuka Dawa Mpya

Tangu safu hii ilipogusia dawa za kutibu sonona, wasomaji wengi wametuandikia kuhusu sitalopramu na esitalopramu, dawa mbili ambazo majina yake yanakaribiana kiasi cha kuwachanganya hata wale wanaozimeza kila siku. Barua zilizouliza jambo moja tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyaacha. Majibu yanahusu kemia ya dawa hizi na kazi yake mwilini, na hayachukui nafasi ya daktari anayemfahamu mgonjwa mwenyewe.

SWALI: *Ndugu Mtaalamu, kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimeza sitalopramu miligramu 20 kwa siku. Hivi karibuni daktari alinibadilishia dawa, akaniandikia esitalopramu miligramu 10. Nilipouliza sababu, mfamasia alinijibu kwamba ni dawa ile ile, ila imechujwa. Imechujwa nini? Na je, nusu ya kipimo itanitosha?*

JIBU: Mfamasia wako hakukosea, isipokuwa alikatisha maelezo mapema mno. Molekuli ya sitalopramu, ambayo fomula yake ni C20H21FN2O, ina kaboni moja iliyoshikana na vitu vinne visivyofanana: atomu ya oksijeni, pete ya benzini iliyobeba kikundi cha sianidi, pete ya pili ya benzini iliyobeba florini, na mkia wa kaboni tatu unaoishia kwenye nitrojeni. Kaboni ikizungukwa na vitu vinne tofauti, vitu hivyo vinaweza kupangwa kuizunguka kwa namna mbili tu. Maumbo mawili yanayopatikana yana atomu zile zile, zilizoungana kwa mfuatano ule ule, lakini moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo, na ukiligeuza vyovyote utakavyo halitalala juu ya mwenzake yakaoana, kama ilivyo kwa kiatu cha kulia na cha kushoto vya jozi moja. Sifa hiyo huitwa ukirali, na kila umbo huitwa enantioma. Kwa kanuni za kutaja maumbo zilizowekwa na wanakemia Cahn, Ingold na Prelog, umbo moja la sitalopramu linaitwa S na jingine R.

Kidonge cha sitalopramu kina maumbo yote mawili kwa kiasi sawa, mchanganyiko ambao wanakemia huuita rasemi. Kwa hiyo katika miligramu 20 ulizokuwa ukimeza, miligramu 10 zilikuwa za umbo S na miligramu 10 za umbo R. Esitalopramu ni umbo S peke yake. Ukimeza miligramu 10 za esitalopramu unapata kiasi kile kile cha umbo S ulichokuwa ukipata zamani. Kilichoondolewa ni R, ambalo mchango wake katika kutibu sonona ni mdogo sana. Kipimo chako hakijapunguzwa, na tafadhali usiongeze kidonge cha pili kwa hofu ya kwamba kimepunguzwa. Daktari akiona haja anaweza kukipandisha, na kikomo cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 20 za esitalopramu kwa siku.

SWALI: *Mimi ni mwalimu wa kemia. Nilipowafundisha wanafunzi habari za enantioma, mmoja aliniuliza: kama waliotengeneza sitalopramu walijua tangu mwanzo kwamba ina maumbo mawili, kwa nini hawakuyatenganisha mapema? Naomba msaada wa kumjibu.*

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza swali lililowahi kufika hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na jibu lake lote limo katika kemia.

Sitalopramu ilitengenezwa mwaka 1972 na mwanakemia Klaus Bøgesø katika kampuni ya Lundbeck ya Denmark. Ukoo wake ulianzia kwenye molekuli iliyoitwa talopramu, ambayo ilizuia noradrenalini, mojawapo ya kemikali za kupeleka ujumbe kati ya seli za neva, isirejeshwe ndani ya seli hizo. Mabadiliko machache, yakiwamo kuondoa vikundi viwili vya methili na kuongeza sianidi na florini kwenye pete, yaligeuza mambo kabisa: molekuli mpya ikaiacha noradrenalini na kuelekea kwenye serotonini, kemikali nyingine ya ujumbe. Dawa iliingia sokoni Denmark mwaka 1989 na Marekani mwaka 1998, ikiwa rasemi.

Njia ya awali ya kuitengeneza ni nzuri kuionyesha darasani kwa sababu haina hatua nyingi. Huanza na fthalidi yenye kikundi cha sianidi. Kitendanishi cha kwanza cha Grignard (kemikali yenye magnesiamu inayounganisha kaboni na kaboni) huleta pete yenye florini, na cha pili huleta mkia wenye nitrojeni. Matokeo yake ni dayoli, yaani molekuli yenye vikundi viwili vya hidroksili: kimoja kiko kwenye ile kaboni yenye ukirali, na cha pili kiko kwenye kaboni iliyo pembeni ya pete ya jirani. Asidi ikiongezwa, maji hutoka, oksijeni moja hubaki, na duara hufungika. Hakuna chochote katika mlolongo huo kinachopendelea upande mmoja, kwa hiyo S na R hutoka sawa kwa sawa.

Kuyatenganisha ndipo penye taabu. Enantioma mbili zina uzito mmoja, huyeyuka kwa joto moja, na katika viyeyushi vya kawaida hukolea kwa kiwango kimoja. Louis Pasteur alifanikiwa mwaka 1848 kwa kuchambua fuwele za chumvi ya asidi tartariki kwa mkono, akitumia kikuza-macho, lakini fuwele zinazojitenga zenyewe namna hiyo ni bahati adimu. Njia ya kawaida ni kuchukua besi (kemikali inayoungana na asidi kutengeneza chumvi) yenye maumbo mawili na kuiunganisha na asidi yenye umbo moja tu. Chumvi mbili zinazopatikana si taswira za kioo tena, hivyo zinaweza kutofautiana katika uyeyukaji, na moja ikatangulia kuganda. Sitalopramu ni besi, na kwa karatasi ilipaswa kukubali. Ilijaribiwa, ikakataa.

Ufumbuzi uliopatikana katika miaka ya 1980 ulikuwa kurudi nyuma hatua moja. Badala ya kuitenganisha sitalopramu yenyewe, Bøgesø na mwenzake Perregaard waliitenganisha ile dayoli, na asidi moja inayotokana na asidi tartariki iliweza kufanya kazi hiyo. Hapo mwanafunzi makini atauliza: si sasa unaongeza asidi tu na kufunga duara? La, na hapa mwalimu simama uichore ubaoni. Katika asidi, kikundi cha hidroksili kilicho kwenye kaboni yenye ukirali kinaweza kung'oka na maji yake, kikaiacha kaboni hiyo na chaji chanya. Kaboni ya namna hiyo ni bapa. Oksijeni ya upande wa pili inaweza kuishambulia kutoka juu au kutoka chini, na kazi yote ya kutenganisha inaharibika, kwa kuwa unarudi kwenye mchanganyiko.

Kwa hiyo walitumia kloridi ya methanisulfonili pamoja na besi. Kitendanishi hiki hukimbilia hidroksili iliyo wazi zaidi, ile ya pembeni, na kuigeuza kuwa kikundi kinachong'oka kwa urahisi. Kisha oksijeni ya kwenye kaboni yenye ukirali hushambulia upande huo wa pembeni na duara hufungika. Kifungo kati ya oksijeni hiyo na kaboni yenye ukirali hakikuguswa hata mara moja, hivyo umbo linabaki kama lilivyokuwa. Kwa maoni yangu hii ni mojawapo ya hatua safi zaidi katika kemia ya dawa za sonona: siri yake yote ni kuchagua ni kifungo gani kivunjwe.

Ama mahakama: kampuni zilizotaka kutengeneza nakala za dawa zilidai kwamba hataza ya esitalopramu, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuitengeneza peke yake, ni batili, kwa hoja kwamba kila mwanakemia alijua rasemi ina maumbo mawili. Mwaka 2009 Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, lilishikilia kwamba hataza hiyo ni halali. Kujua kwamba kitu kipo ndani ya mchanganyiko ni jambo moja; kukitoa, ambako wenye ujuzi walikuwa wamekushindwa, ni jambo jingine.

SWALI: *Nilisoma kwamba umbo moja la talidomidi likimezwa hujigeuza mwilini likawa mchanganyiko. Kama ni hivyo, esitalopramu nayo si itarudi kuwa sitalopramu?*

JIBU: Hairudi. Kaboni yenye ukirali katika talidomidi imebeba hidrojeni na imepakana na kikundi cha kabonili, na hidrojeni iliyo mahali hapo huweza kuachia na kurudi kutokea upande wa pili hata katika mazingira ya kawaida ya damu. Ndiyo maana kutoa umbo moja tu la talidomidi kusingewaokoa watoto walioathirika kabla dawa hiyo haijaondolewa sokoni Ujerumani mwaka 1961. Kaboni ya esitalopramu haina hidrojeni kabisa. Pande zake zote nne zimeshikwa na oksijeni au kaboni. Ili igeuke ni lazima kifungo imara kivunjwe, na mwili hauna mazingira ya kukivunja.

SWALI: *Ndugu Mtaalamu, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Tumefundishwa kwamba dawa hizi huongeza serotonini kwenye ubongo. Naomba kueleweshwa umbo S linafanya nini hasa, na hili umbo R linakaa tu bila kazi au lina madhara yake?*

JIBU: Seli ya neva inapotoa serotonini kwenye sinapsi, yaani pengo kati ya seli mbili za neva, ujumbe hukatizwa kwa kuirudisha serotonini hiyo ndani ya seli iliyoitoa. Kazi hiyo hufanywa na protini iitwayo kisafirishi cha serotonini, mnyororo wa asidi amino 630 unaopita kwenye utando wa seli mara 12. Kisafirishi huichukua serotonini pamoja na ioni za sodiamu na kloridi, hujifunga upande wa nje, hujifungua upande wa ndani, na potasiamu husaidia kukirejesha katika hali ya kuanza upya. Esitalopramu huingia kwenye chumba cha katikati ambamo serotonini ingekaa, na kukiacha kisafirishi kikiwa wazi upande wa nje bila uwezo wa kuendelea na mzunguko wake.

Mwaka 2016 kundi la watafiti wakiongozwa na Eric Gouaux nchini Marekani lilichapisha umbo la kisafirishi cha binadamu kikiwa kimeshika esitalopramu, kwa kutumia fuwele na miali ya eksirei. Nitrojeni ya dawa inaonekana ikiwa karibu na asidi amino ya aspartati iliyo katika nafasi ya 98, ambako chaji chanya na hasi huvutana. Pete yenye florini imeingia kwenye mfereji mmoja, na pete yenye sianidi imeelekea mfereji mwingine. Chumba hicho kimejengwa kwa asidi amino ambazo zenyewe zina ukirali wa upande mmoja, hivyo dawa ikiwa na nitrojeni mahali pake huku pete zake mbili zikiwa zimebadilishana pande, haikai vizuri. Hilo ndilo linaloupata umbo R. Katika vipimo vilivyochapishwa mwaka 2001 kwa kutumia kisafirishi cha binadamu, umbo S lilishika kwa kiwango cha nanomola 1.1 na umbo R kwa nanomola 36 (namba ndogo humaanisha kushika kwa nguvu zaidi), tofauti ya zaidi ya mara 30. Maelezo rasmi ya dawa nchini Marekani, yanayotegemea uwezo wa kuzuia kurejeshwa kwa serotonini, husema tofauti ni angalau mara 100. Usishangae namba zikipishana, kwa kuwa kupima jinsi dawa inavyoshika na kupima jinsi inavyozuia kazi ni majaribio mawili tofauti.

Kuhusu umbo R, swali lako limegusa mahali ambapo wataalamu hawajakubaliana. Katika majaribio ya panya, kiasi fulani cha umbo S kilipotolewa peke yake, serotonini iliyopimwa nje ya seli kwenye ubongo ilipanda zaidi kuliko S hiyo hiyo ilipotolewa pamoja na R. Yaani R halikukaa kimya. Lilipunguza kazi ya mwenzake. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba kisafirishi kina mahali pa pili pa kushikia, kwenye njia ya kuingilia juu ya chumba cha katikati, na kwamba R likikaa hapo huvuruga S iliyo ndani. Mahali hapo pa pili pameonekana kweli kwenye umbo lile la mwaka 2016, molekuli moja ya esitalopramu ikiwa katikati na nyingine juu yake, ikizuia ile ya chini isitoke haraka. Hata hivyo, dawa hushika mahali hapo kwa nguvu ndogo sana ikilinganishwa na chumba cha katikati, na mimi binafsi nasita kukubali kwamba kwa vipimo wanavyomeza wagonjwa, jambo hilo linaeleza mengi. Zaidi ya hapo, R lina mvuto hafifu kwenye vipokezi vya histamini vya H1, ingawa una nguvu kuliko ule wa S.

Nikuongezee jambo moja utakaloulizwa wodini. Kisafirishi huzuiwa ndani ya saa chache tangu kidonge cha kwanza, na tafiti za picha za ubongo zimeonyesha kwamba vipimo vya kawaida vya dawa za kundi hili hukalia takriban asilimia 80 ya visafirishi. Mgonjwa, kwa upande wake, huchukua wiki kadhaa kuona nafuu. Sababu moja inayotajwa ni kwamba seli zinazotoa serotonini zina vipokezi vyao vya kujizuia, aina ya 5-HT1A: serotonini ikizidi, vipokezi hivyo huiamuru seli ipunguze kazi, na huchukua muda kabla havijazoea na kulegeza amri hiyo. Maudhi madogo madogo kama kichefuchefu hutangulia, nafuu hufuata, na mgonjwa asiyeambiwa hivyo huacha dawa katikati.

SWALI: *Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 67, alikuwa akitumia sitalopramu miligramu 40 pamoja na omeprazoli kwa ajili ya tumbo. Daktari mpya ameagiza kipimo cha umeme wa moyo na kusema ni lazima dawa ipunguzwe. Tumbo na moyo vinahusianaje na sonona?*

JIBU: Vinahusiana kupitia ini. Sitalopramu huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, hasa CYP2C19, vikisaidiwa na CYP3A4 na CYP2D6. Vimeng'enya hivi huondoa vikundi vya methili vilivyo kwenye nitrojeni, kimoja baada ya kingine. Navyo ni protini zenye ukirali, kwa hiyo havishughuliki na S na R kwa kasi moja: R hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Matokeo yake yanashangaza kidogo. Mtu humeza maumbo mawili nusu kwa nusu, lakini baada ya wiki kadhaa za matumizi, S katika damu yake ni kama theluthi tu ya sitalopramu yote, na sehemu kubwa iliyobaki ni R.

Omeprazoli huzuia CYP2C19. Kwa esitalopramu, miligramu 30 za omeprazoli kwa siku zimeonekana kupandisha kiwango cha dawa kwenye damu kwa takriban asilimia 50. Watu ambao kwa kurithi jeni zao hutengeneza CYP2C19 dhaifu hupata kiwango kinachokaribia mara mbili ya kile cha wengine kwa kidonge kile kile. Umri nao hupunguza kasi ya kusafisha dawa. Mama ana mambo mawili kati ya hayo kwa wakati mmoja, na alikuwa kwenye kipimo cha juu.

Sasa moyo. Sitalopramu inaweza kurefusha kipindi cha QT, yaani muda ambao ventrikali, vyumba vya chini vya moyo, huchukua kusisimka kwa umeme na kurejea kwenye utulivu. Kipindi hicho kikirefuka mno, mapigo yanaweza kuvurugika kwa namna ya hatari. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba sitalopramu isizidi miligramu 40 kwa siku kwa mtu yeyote, na mwaka 2012 ikafafanua kwamba kikomo kinachopendekezwa ni miligramu 20 kwa wenye umri unaozidi miaka 60, kwa wenye CYP2C19 dhaifu, na kwa wanaotumia dawa zinazokizuia kimeng'enya hicho. Daktari wa mama amefuata mwongozo huo.

Takwimu zilizotolewa wakati huo zinastahili kutazamwa kwa makini. Sitalopramu miligramu 20 ilirefusha kipindi cha QT kwa wastani wa milisekunde 8.5, na miligramu 60 kwa milisekunde 18.5. Esitalopramu miligramu 10, yenye S sawa na ile ya sitalopramu miligramu 20, ilikirefusha kwa milisekunde 4.5. Kwa hiyo, kuondoa umbo R kulipunguza athari hii kwa karibu nusu, bila kupunguza hata miligramu moja ya S. Haikuifuta lakini, na esitalopramu nayo hupewa wazee kwa kipimo cha chini, kwa kawaida miligramu 10.

Mama asiache dawa ghafla. Kipimo hushushwa hatua kwa hatua, la sivyo anaweza kupata kizunguzungu, wasiwasi, usingizi wa mang'amung'amu na hisia za shoti za umeme mwilini. Mwulizeni pia daktari kama dawa ya tumbo inaweza kubadilishwa, na mwambieni dawa nyingine zote anazotumia mama, zikiwamo za maumivu: tramadoli huongeza serotonini, na aspirini au ibuprofeni zikichanganywa na dawa za kundi hili huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni.

SWALI: *Kwenye karatasi iliyomo ndani ya pakiti ya esitalopramu ya miligramu 10 imeandikwa miligramu 12.77. Nimeshindwa kuelewa kipi ni kweli.*

JIBU: Vyote viwili. Esitalopramu huwekwa kwenye kidonge ikiwa chumvi ya oksalati, na miligramu 12.77 ni uzito wa chumvi hiyo pamoja na sehemu yake ya asidi oksaliki. Ndani yake mna miligramu 10 za esitalopramu yenyewe. Sitalopramu kwa kawaida huja kama haidrobromidi, na utakuta miligramu 24.98 kwenye kidonge cha miligramu 20.

SWALI: *Semeni ukweli bila kuficha: esitalopramu ni bora, au ni ujanja wa kampuni kuongeza maisha ya hataza iliyokuwa ikielekea kuisha? Na kama ni bora, mbona dawa nyingine za sonona hazitenganishwi?*

JIBU: Sababu ya kibiashara ilikuwepo, na sioni haja ya kuipaka rangi. Esitalopramu iliidhinishwa Marekani mwaka 2002, wakati ambapo ulinzi wa sitalopramu ulikuwa ukielekea ukingoni. Lakini nia ya muuzaji haibadilishi kinachotokea kwenye kisafirishi cha serotonini, na hivyo vitu viwili vipimwe kando kando.

Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Andrea Cipriani, ulijumuisha majaribio 522 na watu 116,477 waliopewa mojawapo ya dawa 21 za sonona au kidonge kisicho na dawa. Dawa zote 21 zilishinda kidonge kitupu, kwa tofauti ambayo kwa jumla ni ya wastani, na esitalopramu ilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri zaidi zilipolinganishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa ufanisi na kwa wagonjwa kuivumilia. Tofauti kati yake na sitalopramu ipo, ila ni ndogo mno ukiilinganisha na ile tofauti ya mara 30 inayoonekana kwenye maabara. Sababu yake inaeleweka: mgonjwa wa sitalopramu alikuwa tayari anapata umbo S, na kipimo chake kilikwisha kurekebishwa ili S hiyo itoshe. Mtu anayeendelea vizuri na sitalopramu kwa kipimo salama, na moyo wake hauna tatizo, simwoni akiwa na haja ya kubadilisha kwa sababu tu ya jina jipya. Mwenye wasiwasi wa QT, au anayeanza matibabu leo, nina sababu ya kupendelea esitalopramu.

Ama dawa nyingine, kila moja ina kisa chake. Setralini ina kaboni mbili zenye ukirali, hivyo ingeweza kuwa na maumbo manne, na iliuzwa tangu siku ya kwanza ikiwa umbo moja. Ndivyo ilivyo pia kwa paroksetini. Fluoksetini ni rasemi mpaka leo, na kisa chake kinafaa kuwatuliza wanaoamini kwamba kutenganisha siku zote ni maendeleo: maumbo yake mawili yanakaribiana kwa nguvu, na jaribio la kuleta sokoni umbo R peke yake lilisimamishwa mwaka 2000 baada ya kipimo cha juu kuonyesha kurefusha kipindi cha QT. Venlafaksini huuzwa kama rasemi. Milnasiprani ilitoa levomilnasiprani, iliyoidhinishwa Marekani kwa sonona mwaka 2013. Ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji tangu mwaka 1970, ilitoa esketamini ya kupuliziwa puani, iliyoidhinishwa nchini humo mwaka 2019 kwa sonona isiyosikia dawa nyingine. Umbo S lake hushika vipokezi vya ubongo viitwavyo NMDA kwa nguvu kuliko R, ingawa wapo watafiti wanaofuatilia uwezo wa R lenyewe kutibu sonona. Kwa maneno mengine, huwezi kutabiri kwa kuangalia mchoro wa molekuli tu. Ni lazima kila umbo lijaribiwe.

SWALI: *Kama maumbo haya yana uzito mmoja na hufanana kwa kila kitu, maabara ya ukaguzi inajuaje kwamba kidonge kilichoandikwa esitalopramu hakijajazwa sitalopramu ya bei nafuu?*

JIBU: Kwa kukipitisha kwenye kitu ambacho nacho kina ukirali. Kipimo cha uzito wa molekuli hakitasaidia, wala joto la kuyeyukia la enantioma moja dhidi ya mwenzake. Polarimita, chombo cha kupima jinsi kitu kinavyozungusha mwanga wa polari (unaotetema katika mwelekeo mmoja), husaidia kwa kiasi: esitalopramu safi huuzungusha mwanga wa polari kuelekea kulia, na rasemi haiuzungushi, kwa kuwa S na R hufutana. Herufi S haina uhusiano na upande mwanga unakozungukia. Imetokana na kanuni za kupanga vikundi kwenye karatasi. Kwa ukaguzi wa uhakika hutumika kromatografia ya kimiminika yenye safu iliyopakwa kitu chenye ukirali, mara nyingi kinachotokana na selulosi. Sampuli ikisukumwa kupita humo, umbo moja hushikwa muda mrefu kidogo kuliko jingine, na chombo huchora vilele viwili vilivyoachana. Kidonge cha kweli huonyesha kilele kikubwa cha S na, pembeni yake, alama ndogo sana ya R ambayo haipaswi kuvuka kikomo kilichowekwa. Kikijazwa sitalopramu, vilele viwili hutoka vikiwa na eneo sawa.